Aya ya Tatu

Aya ya tatu ilikataa Kiswahili.

Munira aliiandika kwa vidole vyake mwenyewe, herufi baada ya herufi, na alipoinua macho kwenye kioo cha kompyuta akakuta maneno mengine kabisa. Hayakuwa Kiswahili, wala Kiingereza, wala Kizigua cha nyumbani.

Lilikuwa tangazo la tajiri mpya aliyeuziwa shamba la mkonge huko nyuma ya Ngombezi, mwaka ule serikali ilipokuwa ikiuza mashamba yake. Kushoto Kiswahili, kulia Kiingereza. Aya ya tatu ilisema makaburi ya kambi namba nne yatapitiwa na trekta, na mwenye ndugu pale aje amwondoe ndani ya siku kumi na nne.

"Umeichagua aya yote kabla ya kubadili lugha?" aliuliza Mhina, mwenye duka la kuchapa.

"Nimeichagua, bosi."

"Izime, uiwashe."

Akazima, akawasha. Akafungua faili jipya. Akaanza na Kiingereza kwanza. Aya mbili za mwanzo zilitii, lakini alipofika ya tatu, kile kisanduku cha chini kinachoonyesha jina la lugha kilibaki kitupu, kama jicho lililogeuka.

"Kumbe kompyuta nayo ina kwao," Mhina akacheka. "Tafuta hiyo ni lugha gani. Ukiijua, utajua namna ya kuiondoa. Mimi naenda kula."

Munira hakucheka. Aliacha shule kidato cha pili mama yake alipopofuka, na kazi hii ndiyo iliyowaweka wawili hao mjini. Kila jioni, kule Masuguru, alisimama nje ya mlango akasema, "Mama, ni mimi, fungua." Mama yake hakumfungulia mtu ila kwa maneno hayo, kwa sauti hiyo.

Jua lilikuwa la utosi. Printa ikaanza yenyewe, inakwaruza kama korona, ile mashine ya kiwandani, inavyosaga mkonge, na harufu ya makapi yaliyooza ikajaa chumbani. Ikatoa karatasi moja. Aya ya tatu peke yake.

Barazani alikaa Mzee Fabiani, fundi viatu, aliyeletwa kutoka Kasulu ujanani kukata mkonge. Hakujua kusoma.

"Shikamoo, mzee. Hebu sikia, hii ni lugha gani?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Soma."

Munira akasoma. Kwenye mstari wa pili sindano ilimdondoka mzee. Kwenye wa nne akanyoosha mkono, akanong'ona, "Basi. Basi, mama, usimalize," lakini ulimi wa Munira ulikuwa umeshika njia yake, unateleza juu ya maneno asiyoyajua kana kwamba alinyonyeshwa nayo, na kila alipotaka kufunga mdomo pumzi ya mtu mwingine iliusukuma kutoka nyuma, mpaka neno la mwisho likatoka.

"Nimesema nini, babu?"

"Ni ya kwetu," mzee alisema. "Ni wenzangu waliozikwa kambi namba nne. Wanauliza nani atawasemea. Mtu akiitwa na asiyemjua haitiki, hukufundishwa?"

"Mimi sikuitika!"

"Neno la mwisho ulilosoma ni jibu. Umesema: mimi hapa, kinywa changu ni chenu."

"Uwaambie sikujua! Waambie kwa lugha yao!"

Mzee alisema nao kwa muda mrefu, uso ameuelekeza kwenye karatasi. Kisha akaanza kufungasha viatu vyake. "Wanasema na wao hawakujua walichotia sahihi walipoletwa kukata mkonge," alijibu, na hakumtazama tena.

Mhina aliporudi, aya ya tatu ilikuwa Kiswahili safi. Kisanduku cha chini kilionyesha jina la lugha sawasawa.

"Unaona? Mashine inataka subira. Uliiponyaje?"

Munira akamjibu. Mhina akacheka, halafu kicheko kikakatika. "Binti, umejifunza lini Kiha?"

Alikimbia mpaka Masuguru. Njiani alijisemesha, na masikioni mwake kilikuwa Kiswahili, Kiswahili kilekile, lakini watoto waliokuwa kisimani waliacha ndoo wakamkodolea macho. Angeweza kuandika, ila mama hana macho.

Akasimama mlangoni. Akayapanga maneno moja moja, polepole, kama anavyoandika.

"Mama, ni mimi, fungua."

Ndani, mkeka ulichakarika. "Nani wewe?"

"Ni mimi, mama! Munira!"

"Sauti ya mwanangu umeipata wapi?" Komeo likakazwa. "Nenda zako. Mwanangu yuko kazini, na akija atasema Kiswahili. Nenda zako wewe na hao wenzako."

"Niko peke yangu, mama."

"Sielewi mnachosema!" mama alilia nyuma ya mlango. "Mbona mnaongea wengi hivyo?"

Na harufu ya mkonge uliooza ikamshukia Munira mabegani.