Upepo Usipotee

Mitambo mia mbili ya upepo ilikunjua mbawa zake kwa pamoja juu ya uwanda wa Singida, na Mhandisi Salome Njoghomi akajikuta anacheka peke yake katika chumba cha kuongozea. Miaka tisa ya kazi, hatimaye. Hizi hazikuwa zile mbawa ngumu za zamani. Zilikuwa mbawabadili: zilijipinda na kujinyoosha kila sekunde, na mtambo wa mbele ukishakula upepo, masalia yalisukumwa kwa wa nyuma. Aliyeziongoza zote ni Mratibu, akili ya kompyuta ambayo Salome aliipa amri moja tu: upepo usipotee.

Jaribio lilikuwa la saa moja. Likiisha mitambo ikiwa juu ya asilimia tisini na tano ya lengo, wakaguzi wangeiruhusu ifanye kazi hivyo kila siku, na awamu ya pili ingejengwa. Dakika ya hamsini, kioo cha kompyuta kilionyesha tisini na nane. Nyuma yake chumbani, wakaguzi walishaanza kupeana mikono.

Hapo mama yake akapiga simu kutoka kijijini, nyuma tu ya mitambo, alikokuwa juu ya jabali na wanawake wenzake wakipeta uwele kwenye turubai. Salome alimwambia harakaharaka kwamba yuko kazini.

"Sikucheleweshi, mwanangu," mama alisema. "Wewe ndiye mtu wa upepo, nikuulize tu. Upepo umeenda wapi? Umekatika ghafla, na tumepiga miluzi mpaka midomo imekauka."

Kwao, upepo ukilala wakati wa kupeta, wanawake huuita kwa mluzi. Salome aliusikia kwenye simu, mwembamba, umechoka. Akatazama ramani ya upepo kwenye kioo: nyuma ya mtambo wa mwisho hewa ilikuwa imetulia tuli. Mashine haikukosea. Yeye ndiye aliyeifundisha kwamba upepo usioguswa na mbawa umepotea.

"Mratibu," akasema, "fungua njia ya kwenda kwenye jabali."

"Nikifungua, upepo utapotea."

"Uache upotee."

Safu moja ya mbawa ikajikunja. Tarakimu ikashuka: tisini na sita, tisini na nne, tisini na moja. Mkaguzi mkuu akavua miwani. Salome hakugeuka. Simu ilikuwa bado sikioni, na humo alisikia turubai likipigapiga, wanawake wakicheka, na mama yake akimwambia mwenzake kwamba si unaona, binti yangu ameuleta.