Maua ya Kahawa Hayauzwi

Asubuhi, Kemigisha alipokuwa akiwafungulia mbuzi, alimwona mgeni shambani kwao. Mgeni hakuitazama mikungu ya ndizi iliyokomaa. Alikuwa akishika matawi ya mibuni yaliyojaa maua meupe, huku akitabasamu.

Kemigisha aliwapeleka mbuzi kilimani, nje kidogo ya kijiji cha Kimuli. Aliacha shule akiwa darasa la nne ili achunge, na tangu hapo redio yake ndogo ndiyo iliyomfundisha. Alipenda mazungumzo ya wanasheria na wachumi.

"Mbuzi wako watakuwa mawakili," rafiki yake Speciose alimtania. "Weka muziki, bwana."

"Subiri kidogo. Wanazungumzia butura."

Mwanasheria alisema sheria hairuhusu butura, yaani kununua kahawa ikiwa bado maua. Mchumi akaongeza kwamba anayeuza maua hukubali bei kabla hajajua atavuna kiasi gani. Kemigisha akamkumbuka yule mgeni.

"Nichungie," alimwambia Speciose, akateremka mbio.

Nyumbani alimkuta mgeni, Kashaija, ameketi na mama yake, Adelgunda.

"Shikamooni."

"Marahaba. Mbona umewaacha mbuzi?" mama aliuliza.

Kemigisha hakuzoea kuzungumza mbele ya watu wazima. Alitazama chini. "Mama, usiuze maua. Hiyo ni butura. Sheria hairuhusu."

Kashaija alicheka. "Sheria unaisomea kwenye majani?"

"Naisikia redioni. Tukivuna kahawa nyingi, faida itakuwa yako wewe, siyo yetu."

Kashaija aliacha kucheka.

"Mvua inatunyeshea ndani, mwanangu," mama alisema taratibu. "Mabati nitayapata wapi?"

"Tuuze mbuzi. Wamekua."

Mama akamgeukia mgeni. "Kahawa yangu ikiiva nitaipeleka chama cha msingi cha wakulima. Nenda salama, baba."

Mbuzi waliuzwa mnadani na nyumba ikaezekwa. Mvua ya kwanza ilipopiga mabati, mama na binti walikaa ndani wakavu.

"Shida ilinifumba macho," mama alisema. "Nilitaka kuuza kitu nisichojua thamani yake. Wewe ulisikiliza vizuri, halafu ukathubutu kusema. Kusikiliza peke yake kusingetuokoa."

Kemigisha alitazama zizi tupu. Kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote.

"Mama," alisema, "nataka kurudi shule."