Saa za Nyumbani

Jioni ya siku yake ya kwanza kazini, mshonaji alimkuta mtoto wake ameshaogeshwa. Nywele alikuwa amesukwa mistari minne iliyobana vizuri, na kila msuko umefungwa mwishoni kwa uzi, fundo lile lile analolifunga yeye. Alimuuliza mumewe nani amemsuka. Mumewe, mlinzi wa zamu ya usiku, alikuwa anafunga kamba za viatu aondoke.

"Si wewe? Umerudi saa kumi. Nimewasikia mnacheka, nikageuka nikaendelea kulala."

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, na mkoba ulikuwa bado begani.

Kazi yenyewe aliisaka miezi saba, viatu vikaisha soli. Ilikuwa ya kushona mashuka na mapazia ya hoteli kubwa. Kabla ya usaili, yeye na mumewe walikaa wakaipima: mshahara, umbali, bima ya matibabu, bosi asiyefoka. Wakakubaliana kwamba kuliko vyote hivyo, lazima saa kumi awe nyumbani. Mtoto wao, waliyemwita Kasuku kwa vile mdomo wake haukuwa na breki, alikuwa na miaka minne, na baba mchana ni wa kulala.

Lakini nani husema kweli kwenye usaili? Bwana wa ajira, mpole, suti imenyooka kupita kiasi, alimuuliza katika kazi anathamini nini na yuko tayari kuacha nini. Mshonaji akajibu wanavyojibu watafuta kazi wote, meno yote nje, kwamba saa za nyumbani hazina shida, hizo anawaachia. Bwana akamwomba arudie. Akarudia. Chumba kikanuka kitambaa kilichoungua, na pasi haikuwepo. Barua ya ajira ilikuja kesho yake, na mshahara ulizidi hata alioutaja.

Wiki ya kwanza alijipa moyo kwamba mume anaota na mtoto anabuni. Wiki ya pili harufu ile ya kuungua ilikuwa imeingia kwenye mto wake. Kasuku alikuwa na gauni jipya, mishono midogo midogo iliyolala upande wa kushoto kama ya mkono wake mwenyewe, na alipouliza nani kalishona mtoto alicheka akasema, "Wewe, mama, jana," na kesho yake hakucheka tena, na keshokutwa hakuja mlangoni kumpokea, alibaki pale pale sakafuni akipanga vifungo, akimtupia jicho mara moja moja kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi huyu, huku mshonaji amesimama na mkoba wake mkononi akiogopa kuingia nyumbani kwake.

Alimweleza mpiga pasi, mzee aliyefanya kazi kwenye chumba cha kushonea miaka mingi kuliko wote. Mzee aliangalia mlango kwanza.

"Siku ya usaili ulimwachia nini?" alinong'ona.

"Saa za nyumbani. Ni maneno tu, mzee wangu. Kila mtu husema."

"Mimi nilimwambia usingizi si kitu kwangu." Alipitisha pasi juu ya shuka lililokwisha kunyooka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mwaka wa kumi na moja huu. Kitandani kwangu kuna kitu kinalala, binti yangu. Nakisikia kinakoroma. Mimi nakaa kwenye kiti mpaka kuche."

"Na ukiacha kazi?"

"Sijawahi kuthubutu. Lakini mimi nalinda kitanda. Wewe una mtoto. Kimbia."

Saa tisa mshonaji alipanda ofisini na barua ya kuacha kazi, ameiandika kwa mkono. Bwana wa ajira aliisoma yote, akaigonga muhuri, akamshukuru kwa utumishi wake. Mshonaji akasema anataka saa zake.

"Kazi tulikupa sisi, na tumeipokea," alisema kwa upole ule ule. "Saa ulitoa mwenyewe, tena mara mbili. Aliyezichukua amezipenda."

Hakungoja lifti. Alishuka ngazi mbili mbili, akavua viatu barabarani, akakimbia peku katikati ya watu waliomcheka, akiomba moyoni afike kabla ya saa kumi, afike kabla ya saa kumi, na alipokata kona ya mtaa wao alisikia, kutoka dirisha la nyumba yake, cherehani yake inakwenda kwa mwendo wake, anavyokanyaga yeye, haraka, kisha polepole kwenye pindo.

Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Aliusukuma. Kasuku alikuwa sakafuni, msafi, amesukwa upya. Mshonaji akapiga magoti, akafungua mikono.

Mtoto hakusogea. Alimtazama usoni kwa muda, kwa adabu, walivyomfundisha kuwatazama watu asiowajua.

"Shikamoo," alisema.

Chumba cha ndani cherehani ikanyamaza. Kasuku akageuza shingo kuelekea huko.

"Mama, kuna mgeni."