Futari ya Samaki

Siti wa kisiwa cha Kojani amechokoa pweza kwa miaka thelathini. Maji yakitoka, hushuka mwambani na nondo yake. Huvunja tumbawe, akamtoa pweza shimoni, akaenda zake. Kwake tumbawe lilikuwa jiwe tu, na nani anayelihurumia jiwe?

Mwaka huu kamati ya wavuvi ilijenga tangi la kioo katika banda la pwani. Ndani waliweka maji ya bahari, samaki watano aina ya vitatange, na tumbawe moja kubwa kama nazi, lililong'olewa na mawimbi. Walitaka watu waone jinsi linavyoishi. Siti akapewa kazi ya kulitunza.

Siku ya tatu, alisogeza uso kwenye kioo, akashtuka. Tumbawe lilikuwa limejifungua. Vidole laini vilichomoza, mamia kwa mamia, na kila kimoja kilikuwa na mdomo.

"Subhanallah!" alisema Siti. "Jiwe linakula!"

Hakuwahi kuliona hilo, kwa sababu maji yakitoka tumbawe hujifunga. Miaka yote thelathini alikuwa akifika wenyewe wamefunga mlango. Machozi yalimtoka.

Tangu hapo aliiweka nondo uvunguni, akawasihi na wenzake waache kuvunja matumbawe. Wengi walimsikia. Jirani yake Bimkubwa hakutaka.

"Jiwe ni jiwe, shoga," alisema Bimkubwa. "Mie siachi kitoweo kwa maneno. Nikiliona kwa macho yangu, hapo tutazungumza."

Basi Ramadhani ikaingia. Kojani hakuna nyumba inayofuturu peke yake. Sahani zinapishana njiani, hii inakwenda, ile inakuja. Siti akaona vitatange nao ni wageni wa mtaa. Tena kila mtu akisogea, samaki wale hukimbilia kwenye kioo, midomo wazi.

"Masikini, wana njaa!" watu walisema.

Kila alasiri wanawake wakaleta dagaa wa kutwanga. Nyumba kumi na moja, sahani kumi na moja. Siti alizipokea zote na kuzimimina tangini. Moyo wake ulijaa furaha, maana kulisha ni thawabu.

Kumi la pili la Ramadhani lilipoanza, kioo kilikuwa cha kijani. Ukoga wa mwani ulitanda kila mahali. Tumbawe lilijifunga, likapauka upande mmoja. Siku hiyo ndipo Bimkubwa alipokuja kutazama.

"Ndilo hili lenye midomo?" aliuliza. "Mbona limenuna?"

"Linaumwa," alijibu Siti kwa sauti ndogo.

"Moja tu limekushinda, shoga. Sasa sie utatukataza nini?"

Wenzake walisikia. Wawili wakasema kuwa bamvua la Idi, maji yatakapotoka mbali kabisa, watashuka mwambani na nondo zao. Siti alirudi nyumbani na aibu kubwa. Aliona kuwa tumbawe hili likifa, mwamba wote utavunjwa.

Asubuhi alimpigia simu Hafiz, mtaalamu wa bahari wa Wete. Hafiz alivuka kwa mashua siku ile ile.

"Shikamoo Bi Siti."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone balaa."

Hafiz alichota maji kidogo kwenye kichupa, akatia dawa, akakitikisa. Maji yakageuka buluu iliyokoza. Akakilinganisha na kadi yenye rangi.

"Fosfati imezidi mno," alisema. "Fosfati ni rutuba, kama mbolea ya shamba. Imo ndani ya chakula. Samaki wakila, inatoka kwenye mavi yao. Wakibakisha, chakula kinaoza, inatoka tena. Ukoga unaila na kunawiri. Tumbawe linashindwa kujenga mifupa yake. Umewalisha nini?"

Siti akamweleza habari ya sahani kumi na moja. Hafiz aliziba mdomo asicheke.

"Na maji ya dagaa?"

"Namimina yote. Si ndiyo yenye utamu?"

"Ndiyo yenye fosfati nyingi, Bi Siti. Suuza dagaa kwanza, yale maji yamwage mbali."

"Lakini mwanangu, mwezi huu nimnyime mtu futari yake?"

"Samaki hawafungi, Bi Siti. Wakikimbilia kioo si njaa, wameshakuzoea. Wape asubuhi na jioni, kidogo tu, wakimalize kabla hujahesabu mia. Kinachobaki kitoe."

Siti alitaka abadilishe maji yote siku hiyo hiyo. Hafiz alimkataza.

"Pole pole. Tumbawe nalo linahitaji fosfati kidogo, na mabadiliko ya ghafla yataliua. Toa ndoo moja katika kila kumi, mara mbili kwa wiki. Fyonza uchafu wa chini kwa mpira wa maji. Maji mapya chota mkondoni, mbali na mifereji ya majumba. Na chujio la tangi ulioshe, usilisahau."

Alimwachia dawa ya kupimia. Siti akazunguka nyumba zote kumi na moja.

"Ahsanteni, samaki wameshiba," alisema. "Sahani zenu mpelekeeni Mzee Nyange. Yeye hana wa kumpikia."

Alifanya kama alivyoambiwa. Kila akipima, buluu ilipungua kidogo. Alifuta kioo, na safari hii ukoga haukurudi upesi. Lakini tumbawe lilikaa kimya, na Idi ikakaribia. Siti aliomba dua kila sala.

Siku mbili kabla ya Idi, alimkuta Bimkubwa bandani. Alikuwa amepita kuangalia kama tangi limeshaondolewa. Sasa alikuwa amesimama karibu kabisa na kioo, mkono kifuani.

Vidole vilikuwa nje. Si vyote, upande uliopauka ulikuwa bado mtupu. Lakini vingine vilijaa na kuyumba taratibu. Siti alidondosha chembe ndogo ya uduvi. Kidole kimoja kikaigusa, kikaikunja, kikaipeleka mdomoni.

"Mashallah," Bimkubwa alinong'ona. "Mashallah. Na yale ya mwambani, yote yanakula hivi?"

"Yote."

Bimkubwa aliondoa mkono kifuani, akaugusisha kioo.

"Shoga, mie huko mwambani nimevunja mangapi?"

Siti mwenyewe alikuwa amevunja mengi zaidi. Akamshika mkono, wakaendelea kutazama.

Bamvua la Idi, wanawake wa mtaa wao walishuka pwani bila nondo, kwa njia ya mchangani. Bimkubwa alitangulia mbele, akiwapigia kelele waangalie wanapokanyaga.