Msumeno wa Kinyozi

Kinyozi aliishi na mke wake na mama yake mzazi. Kibanda chake cha kunyolea kilikuwa mbele ya nyumba, kando ya barabara. Choo kilikuwa nyuma, mwisho wa ua.

Siku moja ya mvua, mama aliteleza uani akaanguka. Hakuvunjika mfupa, lakini woga ulimwingia. Tangu hapo hakwenda chooni peke yake. Alisubiri mkwewe amalize kufua, ndipo amshike mkono. Tena akaanza kunywa maji kidogo sana, ili asimsumbue mtu.

"Mume wangu, mama hanywi maji," mke alisema. "Midomo imemkauka. Nikimuuliza, anasema hana kiu."

Kinyozi aliumia moyoni. Akaamua kutengeneza kishikio kirefu cha mianzi, kutoka mlangoni mpaka chooni. Mama angekishika na kutembea mwenyewe.

Rafiki yake seremala alimwazima msumeno wa mbao. Ulikuwa mkubwa, wenye meno makubwa. Kinyozi aliweka mwanzi juu ya benchi, akaukanyaga, akaanza kukata kwa nguvu.

Kraa! Mwanzi ukapasuka mpaka katikati.

Akachukua mwingine. Huo haukupasuka, lakini ncha yake ilichanika nyuzinyuzi kama ufagio. Akaufunga hivyohivyo kwenye nguzo ya mlangoni. Mama akaja kujaribu.

"Uwii!" Kibanzi kilimchoma kiganjani. Damu ikatoka.

"Basi, mwanangu, acha," mama alisema. "Nitasubiri tu kushikwa mkono."

Mama alipoingia ndani, kinyozi alitupa msumeno chini.

"Mianzi yenyewe mibovu!"

"Mianzi haina neno," mke alisema. "Nenda kwa jirani yetu, Mama Viti. Anatengeneza viti vya mianzi kila siku. Umeona hata kimoja kimepasuka?"

"Mimi nikaulize jinsi ya kushika msumeno?"

"Mbona yeye huleta wanawe uwanyoe? Anaona aibu?"

Kinyozi akacheka bila kupenda. Akaokota msumeno, akaenda kwa jirani.

Mama Viti aliutazama msumeno, kisha akamtazama yeye. "Shemeji, unapasua magogo?"

"Nakata mianzi."

"Ndiyo maana. Mwanzi una nyuzi ndefu zilizolala pamoja. Meno makubwa yanazing'oa, hayazikati. Wewe ni kinyozi. Ukitaka kuchana nywele fupi na laini, unatumia chanuo la meno mapana?"

"Hapana. Natumia kitana."

"Basi katafute msumeno wenye meno kama kitana. Ngoja nivae viatu, twende wote."

Dukani, muuzaji aliwaletea msumeno mkubwa unaong'aa. "Huu unakata kila kitu," alisema.

"Sisi hatukati kila kitu," Mama Viti akamjibu. "Tunakata mianzi. Nipe ule mdogo pale juu."

Akamwonyesha kinyozi. "Tazama. Meno ni madogo na yamebanana. Bapa lake la chuma ni jembamba. Msumeno huu unakata ukiuvuta, si ukiusukuma. Unapovuta, bapa linanyooka, halijikunji. Sasa fumba jicho moja, ulitazame kwa urefu. Limepinda?"

"Limenyooka."

"Vizuri. Lililopinda hukata mshazari. Shika mpini. Umekukaa mkononi?"

"Umekaa. Lakini Mama Viti, nyumbani nina msumeno wa kukatia chuma. Nao meno yake ni madogo."

"Huo unafaa kwa mianzi myembamba. Ya kwako ni minene. Utafika katikati, fremu yake igonge mwanzi, ukwame."

Kinyozi akanunua ule mdogo.

Walipofika nyumbani, Mama Viti aliomba utepe wa gundi. Akauzungusha kwenye mwanzi, mahali pa kukata, ili nyuzi zisichanike.

"Unaona uvimbe huu? Ni fundo. Kata karibu nalo, kwa sababu fundo huzuia ufa. Usikate upande mmoja mpaka chini. Kata kidogo, geuza mwanzi, kata tena, geuza. Na mkeo ashike kipande kinachoning'inia. Kikianguka chenyewe, kitachana nyuzi za mwisho."

Kinyozi alivuta msumeno polepole. Vumbi laini lilimwagika miguuni. Akageuza, akavuta, akageuza tena. Kipande kikabaki mikononi mwa mke.

"Ncha safi!" mke alisema.

"Bado," Mama Viti alisema. "Toa utepe, piga msasa mpaka iwe laini. Na ukimaliza kazi, ufute msumeno na kuupaka mafuta kidogo. Mianzi hula meno upesi. Yakiwa butu, yataanza kung'oa nyuzi kama ule wa kwanza."

Walifanya kazi mpaka jioni. Walichimbia nguzo, wakashindilia mawe na udongo, wakafunga mianzi kwa kamba imara. Kinyozi alipitisha kiganja chake juu ya kila ncha. Hakuna kilichomchoma.

Asubuhi, kinyozi akiwa kibandani na mteja, mke alimpelekea mama chai. Chumbani hakumkuta. Akaenda uani. Hakumwona. Mlango wa choo ulikuwa wazi, na ndani hakuna mtu.

"Mama! Mama, uko wapi?"

Kinyozi alisikia, akaja mbio na mkasi mkononi.

"Nipo huku! Mnanililia nini?"

Sauti ilitoka kwa jirani. Mama alikuwa ameketi kibarazani kwa Mama Viti, amenyoosha miguu, anapiga soga.

"Umefikaje huko?" kinyozi aliuliza.

"Nilishika mianzi mpaka ilipoishia. Baadaye nikashika ukuta wa ua mpaka huku, taratibu. Lakini ukuta huu unakwaruza." Akamtazama mwanawe. "Usisimame hapo na mkasi. Kamalize kichwa cha watu, halafu ulete msumeno wako. Kishikio hiki nataka kifike mpaka hapa."