Kompyuta Ilisema Kiwanja ni cha Mama

Ndugu wasomaji, mie ni kijana wa miaka ishirini na mbili, mkazi wa Tabata, niliyeishia darasa la saba. Si msemaji, na kuandika kunanichosha... lakini roho haitulii.

Nilikuwa nikiingiza majina kwenye kompyuta ya kampuni moja ya viwanja, Mikocheni. Mtaalamu wake alikuwa shemeji Mudi, mchumba wa dada yangu. Siku moja aliiwekea mashine kanuni: kiwanja kimoja, mwenyewe mmoja. Nikajaribu kuandika jina la pili kwenye kiwanja chenye mtu, mashine ikakataa. Nilifurahi mno.

Mama, mjane muuza vitumbua, alikuwa akitafuta kiwanja. Shemeji akamletea rafiki yake aliyekuwa akiuza cha Ukonga. Nikalitafuta jina la yule rafiki kwenye mashine, nikalikuta limeandikwa kwenye kiwanja hicho. Hata hivyo Mama alitaka kwanza akaulize kwa balozi wa nyumba kumi wa kule Ukonga, kama desturi yetu.

Shemeji akacheka. "Mama, balozi anasahau. Kompyuta haisahau. Kanuni si ipo?"

Mama akanigeukia. "Eti mwanangu, kweli?"

Moyoni nilijiuliza: na majina yaliyoingia kabla ya kanuni, nani kayakagua? Nikaona haya kumhoji shemeji. Nikaitikia kwa kichwa...

Mama akanunua, tukajenga msingi. Ndipo akaja mzee mmoja na balozi. Mzee akasema kiwanja ni chake, alikinunua zamani kwa kampuni ileile.

"Bibie," balozi akasema, "mbona hukuja kuniuliza?"

Kesho yake nilimtaka shemeji aiulize mashine. Ikajibu: kanuni inafanya kazi, lakini majina ya zamani hayajahakikiwa. Kiwanja kile kilikuwa na majina mawili tangu kabla ya kanuni, la mzee na la yule rafiki.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Bosi alinikataza nisikague majina ya nyuma; vilivyouzwa mara mbili vingejulikana. Angeuza nini?" Akazima mashine. "Na wewe dogo, mbona hukuuliza?"

Balozi na majirani walisimama na mzee, tukashindwa kesi. Rafiki yule hajaonekana tena. Dada ameolewa na Mudi. Wakija nyumbani, mie hutoka nikazunguka mitaa hadi waondoke.

Vijana wenzangu, mkiambiwa kanuni imewekwa, ulizeni kama waliotangulia nao wamepimwa kwayo. Ulizeni hata mkiona haya. Mama bado anakaanga vitumbua kwenye chumba cha kupanga. Hajanilaumu hata siku moja... ila siku hizi akitaka kujua jambo, huenda kumuuliza jirani.