Sahihi ya Rukaiya Kwenye Daftari la Kuzuia

Kila asubuhi kabla ya kengele, Rukaiya wa darasa la saba hupitia barua pepe za shule yao, huko Bunju. Matapeli hawachoki kutuma matangazo ya bahati nasibu na dawa za kunenepa. Kazi yake ni kukagua barua hizo zimetoka wapi hasa, kisha kuingiza kikoa cha mtumaji, yaani yale maneno yanayofuata alama ya @, kwenye orodha ya kuzuia. Kikishaingia humo, barua zake hazipiti tena. Aliyezuia huandika daftarini "Nimekagua" na kutia sahihi.

Jumatano moja, Chausiku, anayekaa naye dawati moja, alimfuata mlangoni huku jicho lake la kushoto likimtoka machozi.

"Barua ya kliniki ya macho imefika kwenye barua pepe ya shule? Mwisho wa kuthibitisha nafasi yangu ya matibabu ni leo saa nane mchana. Nikiikosa nafasi hii nasubiri mpaka mwakani, na dokta kasema jicho halitangoja."

"Bado," alijibu Rukaiya. Hapo hapo akakumbuka.

Jumatatu alikuta barua nne za kitapeli zenye jina la kliniki hiyo. Alikuwa anawahi netiboli, akakizuia kikoa cha kliniki kilichoonekana juu ya barua hizo bila kukagua. Halafu akatia sahihi.

Vipindi vilipita asisikie neno. Akifute kikoa kwenye orodha kimyakimya? Barua iliyokwisha kuzuiwa isingetoka yenyewe, na nenosiri la kuitolea alikuwa nalo Mwalimu Demetria, msimamizi wa barua pepe, peke yake. Chausiku alikuwa anasoma kitabu kikigusa pua. Rukaiya akaona aibu. Saa saba kasoro robo akaomba ruhusa, akakimbilia ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu. Mie ndiye niliyeizuia kliniki. Sikukagua. Niliandika uongo."

Mwalimu Demetria akaigeukia kompyuta. Alifungua folda ya barua zilizozuiwa, na ya kliniki ilikuwemo tangu jana. Akaijibu, akapiga na simu. Rukaiya alisubiri kando mpaka Mwalimu alipokata simu.

"Nafasi yake ipo."

Rukaiya akaangua kilio.

"Matapeli waliazima jina la kliniki tu," alisema Mwalimu, akimwonyesha barua zile za Jumatatu zilikotoka kweli. "Ungekagua, ungeona. Lakini kosa peke yake tungelirekebisha mapema. Mimi niliposoma 'Nimekagua', sikuangalia tena, kwa sababu nakuamini. Mtu anayeaminiwa asiandike asichokifanya."

Akamsogezea daftari. "Andika ilivyokuwa. Kisha nenda ukamwambie Chausiku mwenyewe."

Rukaiya aliandika "Sikukagua", akatia sahihi, akaenda.